Grisi Bwawani

Binti yangu alikuwa amekaa chini kabisa ya tangi la maji la wapangaji, mtungi wa hewa mgongoni, nami nimelala kifudifudi ukingoni nimeshika kamba. Mapovu yalipanda yakapasukia karibu na pua yangu. Tulikubaliana kwamba akivuta kamba mara moja yuko salama, akivuta mfululizo nimtoe kama ndoo. Nilikuwa nimejifunga kitambaa mkononi ili kamba isinichubue, na kusema kweli nilijiona mtu mkubwa. Si kila baba anaweza kumshusha bintiye gizani chini ya ua na bado akaaminiwa.

Hapo ndipo mama wa ghorofa ya juu alipokuja kuchota maji.

Aliniuliza nimeangusha nini humo. Kabla sijapata la kumjibu, kichwa kikaibuka, kimevaa miwani ya kioo inayofunika mpaka pua, na mpira wa kupumulia mdomoni. Yule mama alikitazama kichwa, akaitazama ndoo yake, akasema, "Maji haya ndiyo tunayopikia." Jioni kikao cha wapangaji kiliitishwa uani, na mimi, fundi wa magari ninayeheshimika mtaa mzima, nikasimama katikati kueleza kwa nini binti mtu mzima anakaa ndani ya maji ya chai zao. Tulilikausha tangi, tukalisugua, tukalijaza upya kwa gharama zetu. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilipokatiza uani mazungumzo yalikuwa yanazimika.

Nilidhani hiyo ndiyo aibu kubwa ambayo maji yangeweza kunitia. Nilikuwa bado sijaona kitu.

Sikuwa nimemtuma yeye kuwa mpiga mbizi. Alikwenda mbali kufanya kazi ya mapokezi katika kituo cha kuwafundisha wageni kupiga mbizi, akaishia yeye mwenyewe kuwa mwalimu. Kituo kilipofungwa alirudi nyumbani na seti sita za vifaa vilivyokaa stoo miaka: mitungi, vifaa vya kupumulia, suti nyeusi za mpira, mikanda yenye vipande vya madini ya risasi vya kumvuta mtu chini. Mama yake alizitazama zile suti zilizotundikwa kwenye karakana yangu akasema anaona kama tumeleta maiti. Jina la binti yangu ni la marehemu mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe sijawahi kumwita kwa jina. Namwita mama. Naye tangu azaliwe hajawahi kunijibu vibaya, na nilikuwa nikilisema hilo kila mahali, hata kwa wateja waliokuja kubadilisha oili tu.

Wakati huo kikosi cha zimamoto kilikuwa na shida yake. Mtu alikuwa amezama kwenye bwawa kubwa la maji ya mji, na walichokuwa nacho cha kumtafutia ni kulabu na kamba. Mkuu wa kikosi, ambaye kila mtu alimwita Afande, hakutaka tukio kama lile lijirudie. Alitaka watu wake wafundishwe kuzama. Binti yangu alikwenda kuiomba kazi hiyo, naye Afande alimpenda kwa sababu hakujisifu. Alimpa sharti moja tu: atafute bwawa la kuogelea lenye kina cha kumfunika mtu mrefu aliyenyoosha mkono, maji yake yaonekane mpaka chini, mahali ambapo askari watajifunza kuvua miwani na kuivaa tena, kugawana hewa, kukaa chini bila hofu, na ambapo kila kifaa kitapimwa kabla hakijasogea karibu na bwawa la mji. Akilipata, kazi ni yake. Asipolipata, kulikuwa na kampuni ya mbali iliyokuwa inasubiri kuitwa. Binti yangu aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukampungua. Ndiyo maana aliingia kwenye tangi.

Basi tukaanza kuzunguka kutafuta bwawa. Mimi ndiye dereva, kwa sababu pikapu yangu haimjui mtu mwingine.

Hotelini, meneja alitupokea vizuri, akatupa na soda. Akaeleza kwamba wageni wake wanakuja pale kusahau matatizo, hawapendi kuona watu waliovaa nyeusi wakitoka majini na mitungi. Tena risasi zitamvunjia vigae. Binti yangu alikuwa anamjibu kwa upole kwamba kuna mikeka ya kutandika chini. Mimi nikaona nimsaidie. Nikamwambia meneja kwamba vigae vyake vimejengwa vibaya, hata bila risasi vitabanduka, na nikamwonyesha wapi. Ilikuwa kweli kabisa. Hatukumaliza soda.

Kwenye klabu, maji yaliishia kitovuni. Kwingine tulionyeshwa bwawa nyuma ya nyumba ya tajiri mmoja aliyekuwa mkarimu mno, akasema tulitumie tunavyotaka hata mwaka mzima. Lilikuwa la kijani, na vyura wake walikuwa na afya njema. Binti yangu alichovya mkono, akanusa, akamshukuru yule bwana kwa heshima zote. Tukiwa njiani kurudi akaniambia taratibu, "Baba, kesho acha niongee mimi." Nikamwambia sawa. Nikanuna mpaka nyumbani.

Tulilipata kwenye chuo cha michezo kilichochoka. Viti vya uwanjani vilikuwa vimeng'oka na rangi imebabuka kila mahali, ila bwawa lilikuwa zima, na upande wa kurukia lilikuwa na kina cha kutisha. Msimamizi wake alikuwa mama wa rika langu, mkavu, filimbi shingoni, aliyewafundisha watu kuogelea tangu binti yangu hajazaliwa. Wote walimwita Mwalimu. Alitoa sarafu mfukoni, akaitupa kwenye kina, akasubiri itulie, kisha akamwambia binti yangu asome ni ya mwaka gani. Binti yangu aliinama akausoma. "Hayo ndiyo maji yangu," Mwalimu alisema. "Ukitoka, nataka niyakute hivyohivyo."

Makubaliano yao yalikuwa mafupi. Asubuhi bwawa lilikuwa la wazee wenye magoti mabovu, waliotumwa na daktari kufanya mazoezi majini. Jumamosi, wazee wakishatoka, binti yangu angeingia mbele ya Mwalimu na Afande, apime vifaa vyake, aonyeshe anavyofundisha. Baada ya hapo Mwalimu angeamua. Safari hii sikuwa nimesema neno hata moja, na nilitegemea nisifiwe kwa hilo.

Ijumaa alikwenda kuzungumza na askari watakaofundishwa. Vifaa alikuwa ameviacha kwenye mkeka karakanani. Wiki nzima alikuwa amevifungua kimoja kimoja, akaviosha, akabadilisha ringi zote za mpira, akavifunga. Alivipanga vizuri, vikingoja kupakiwa. Mimi nilikwenda kuvitazama tu.

Naomba nieleweke. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa giaboksi. Katika kazi yangu kitu kikavu ni kitu kinachokufa. Nikaziona zile nyuzi za vali ziko uchi, ile mipira haina mng'aro, maungio yanasaga meno ukiyazungusha. Nikasema moyoni, mtoto amechoka, amesahau kupaka. Au hana grisi ya maana. Mimi ninayo. Ninalo kopo la grisi nyekundu ambalo simfungulii kila mteja. Nikalifungua. Nilipaka kila mdomo wa mtungi, nikaingiza kidole ndani ya vifaa vya kupumulia mpaka kinapofika, na kisipofika nikapuliza mafuta ya kutu. Kisha nikachukua kitambaa chenye oili nikazifuta suti zote mpaka zikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilikuwa napiga mluzi. Sikutaka kumwambia. Nilitaka agundue mwenyewe, siku yenyewe, jinsi kila kitu kinavyoteleza.

Aliporudi alikuta nimeshapakia kila kitu kwenye pikapu na kufunika turubai. Kawaida yake alikuwa hakubali kifaa kipakiwe bila yeye kukigusa. Nilimwambia nimekupakilia, mama, nenda kapumzike. Alilitazama turubai, akanitazama, akasema ahsante baba.

Jumamosi nilivaa shati jeupe. Afande alifika na askari wawili. Wazee walikuwa wametoka majini lakini hawakuondoka. Walikaa kwenye benchi na taulo zao mabegani kuona sinema ya bure. Mimi nikasimama nao. Niliwaambia yule ni wangu. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, akasifu vifaa vinavyong'aa, akauliza vimetengenezwa wapi. Nikamwambia vimetoka mkononi mwangu, nikaanza kuwaeleza habari za grisi: nyeusi ni ya nini, nyekundu ni ya nini, na kwa nini vijana wa siku hizi hawaijui. Sauti yangu ni kubwa tangu zamani. Afande aligeuka kunisikiliza. Hata Mwalimu.

Binti yangu alikuwa amefika ukingoni. Kuna jambo ambalo wapiga mbizi wote hulifanya kabla ya kuingia: hufungua mtungi, huweka kile kifaa mdomoni, na huvuta pumzi kadhaa wakiwa bado nchi kavu, macho kwenye geji, wajue hewa ni nzuri. Nilimwona akivuta ya kwanza. Akakitoa kifaa mdomoni. Akapitisha kidole ndani yake, akakitazama kidole. Halafu akainua macho akanitazama mimi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuwaeleza wazee. Nikampungia mkono.

Akarudisha kifaa mdomoni, akaingia majini.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Mapovu yalipanda kwa utulivu, Afande akawa anatikisa kichwa cha kukubali. Kisha mapovu yakaanza kuja ovyo. Mwalimu aliyaona maji kabla yangu. Juu ya mahali alipokuwa binti yangu palikuwa na ngozi nyembamba ya rangirangi, ikitanuka polepole kuelekea kwenye vigae. Akaibuka anakohoa, kikohozi cha tumboni, akaushika ukingo kwa mikono miwili, akatapika kwenye sakafu. Wazee walisimama.

Mwalimu alichovya kidole, akakisugua kwa gumba, akanusa. "Hii ni grisi," alisema. "Nani kapaka vifaa hivi?"

"Ni mimi," nilisema. Nashukuru kwamba nilisema, na sauti ilitoka. Lakini binti yangu alikuwa amesema wakati uleule, kwa sauti iliyokwaruzwa, "Vifaa ni vyangu, Mwalimu. Kosa ni langu."

Mwalimu alimwitikia yeye kwa kichwa. Mimi hata hakunigeukia. Katika kazi yao mwenye vifaa ndiye mwenye jibu, na aliyesimama pembeni na shati jeupe si mtu wa kuulizwa. Hata lawama sikupewa. Afande alisema atapiga simu, na ninajua mtu mwenye sare akisema atapiga simu maana yake ni nini. Wazee walianza kukunja taulo zao kimya kimya. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini pale chini palikuwa na zege tupu.

Garini alifungua dirisha akakohoa njia nzima. Nilijaribu kuanza kusema, akanikatiza: usijali baba, ni kitu kidogo. Nyumbani mama yake alipouliza, alijibu kwamba amepaliwa na maji. Hospitalini daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema kuna mafuta yameingia mahali ambapo mafuta hayatakiwi, akampa dawa na kumkataza maji mpaka kifua kisafike. Kwa daktari pia alisema ilikuwa bahati mbaya. Mama yake hakuwa mjinga. Alifua nguo alizovaa binti yangu majini, akaiona ile grisi. Aliponiletea chakula aliweka sahani, akabaki amesimama.

"Ungeuliza tu, mume wangu," alisema. "Ungeuliza."

Jumatatu nilikwenda chuoni bila kumwambia mtu. Nilimwambia Mwalimu nimekuja kusugua. Alinipa sponji na ndoo ya sabuni, akanionyesha pa kuanzia. Walishayatoa maji, nami nikafuata ule mstari wa mafuta kwenye vigae, nikipiga magoti, bwawa zima. Wazee walikuja kwa mazoezi yao wakakuta geti limefungwa. Walijua, maana mji hauna siri, lakini walikuja hivyohivyo, wakakaa nje kwenye kijiukuta kilicho mbele ya nondo za geti. Yule mwenye fimbo aliniita, "Fundi, goti langu linakusalimia." Wenzake walicheka. Nami nikacheka, nikiwa nimewapa mgongo ili wasiuone uso wangu. Nilirudi kesho yake, na kesho yake tena.

Siku niliyomaliza, Mwalimu alikuja akakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani ya bwawa tupu. Nilidhani ataniambia nimesugua vizuri.

"Binti yako alijua," alisema.

Niliuliza alijua nini.

"Alivuta pumzi, akaonja, akakutazama, akaingia. Kazi yangu ni kutazama nyuso za watu kabla hawajaingia majini. Alijua kabisa."

Nilibaki nimeshika sponji. Nilikumbuka ule mkono niliompungia.

"Grisi inasafishika," Mwalimu aliendelea. "Ingekuwa grisi tu, bwawa ningempa leo. Lakini ameingia na hewa mbaya ili wewe usiaibike mbele yetu. Kesho atakuwa na askari mwenye cheo, amevaa vibaya, naye ataona haya kumwambia avue aanze upya. Askari huyo atakufa kwa adabu. Siwezi kumpa maji yangu mtu anayeogopa kumwaibisha mtu."

Njiani nilisimamisha gari kando ya barabara kwa sababu nilikuwa sioni vizuri. Nilikumbuka baiskeli. Alikuwa mdogo, darasa la tatu au la nne, na nilimtengenezea baiskeli kuukuu kwa mikono yangu. Siku ya kwanza tu aliingia nayo mtaroni, akachubuka kidevu. Alimwambia mama yake kwamba hakuwa anatazama mbele. Jioni niliposogeza baiskeli kwenye mwanga niliona breki niliyoifunga mimi, imefunguka yenyewe. Niliifunga tena, sikusema kitu, naye hakusema kitu, na kwa miaka yote ile niliiweka siku hiyo katika hesabu ya mambo yanayoonyesha nina mtoto mwenye heshima. Sasa nikajiuliza ni vingapi vingine alivyovimeza. Supu zangu za chumvi. Ushauri wangu. Hotelini, zile habari za vigae.

Nilimkuta kwenye ngazi ya mlango amekaa juani, kakumbatia kikombe. Nilimwambia yote aliyosema Mwalimu, bila kupunguza. Nikamuuliza kama ni kweli. Alizungusha kikombe mikononi kwa muda.

"Ulikuwa umesimama na watu, baba," alisema.

Alilisema kana kwamba jibu limetimia, halihitaji nyongeza. Nikakasirika. Nilikuwa namkasirikia nani, sijui. Nilimwambia kwa ukali kwamba siku nyingine aniaibishe, anisikie, aniaibishe mbele ya dunia nzima. Akajibu kwamba hawezi. Nikamwambia basi bwawa atalisikia kwa watu. Niliingia ndani nikaketi kitandani na viatu, nikiona haya kwa kosa la kwanza, na haya nyingine kwa kumfokea mgonjwa.

Kifua chake kilisafika polepole. Alipopata nguvu alivifungua vifaa vyote upya, akavichemshia maji ya sabuni, akatupa ringi zote nilizozigusa na kuweka nyingine. Mitungi aliipeleka ikasafishwe ndani. Mimi nilikaa upande wa pili wa karakana nimekalia mikono yangu, na hilo si neno la mzaha, niliikalia kweli. Siku moja alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu, kwa miguu. Walizungumza nini sijui mpaka leo. Alirudi akasema amepewa nafasi moja tena, na kwamba Afande naye amekubali kuja, tena safari hii ataingia majini yeye mwenyewe kama mwanafunzi.

Siku hiyo sikuvaa shati jeupe. Nilishusha vifaa, nikaviweka pale alipoonyesha, nikarudi nyuma karibu na benchi la wazee. Walinisogezea nafasi bila maneno. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitafungua mdomo, na sikufungua. Binti yangu alikuwa anamkagua Afande: mkanda, jaketi la kujaza hewa, mtungi, kamba za mabegani. Afande alikuwa mkubwa kama kabati, na suti ilimbana, lakini alijikaza. Askari wake walikuwa wamejipanga nyuma yake wakijizuia kucheka.

Karibu na miguu yangu seti moja iliegemea benchi. Kifaa chake cha kupumulia kilianguka chini, mdomo ukagusa vumbi. Nakula kiapo kwamba sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliinama nikakiokota, nikatoa kitambaa changu mfuko wa nyuma, kile cha karakana, nikaanza kuufuta mdomo wake.

"Baba, weka chini."

Sauti ilikuwa yake lakini sikuwahi kuisikia. Nilikiweka chini. Nilimtazama, nikasubiri atabasamu kidogo, aseme neno la kulainisha, angalau tafadhali. Uso wake ulikuwa umekazika kwa hasira, au kwa hofu.

"Toka nje ya geti," alisema.

Kisha, kabla hata sijasogea, akamgeukia Afande. "Na wewe vua mtungi huo. Mkanda umepita juu ya jaketi, utalizuia kujaa. Tunaanza upya tangu mwanzo, na hicho kifaa kilichoguswa hakiingii majini leo."

Afande alimtazama mara moja, akaanza kuvua.

Nilitembea. Kutoka benchi mpaka getini ni mwendo mfupi, lakini unapita mbele ya kila mtu. Askari waliangalia kucha zao. Mzee mwenye fimbo aliangalia goti lake. Hakuna aliyenisaidia hata kwa kikohozi. Nilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, nimefukuzwa hadharani na mtoto niliyemlisha kwa mkono huu, na nilipokuwa katikati ya njia nilitaka kugeuka nimuulize pikapu iliyomleta ni ya nani. Sikugeuka. Mwalimu alinifungulia geti, nikapita, akalifunga nyuma yangu.

Nilikaa kwenye gari. Ukuta ulikuwa mrefu, sikuweza kuona chochote. Nilichosikia ni sauti ya binti yangu ikitoa amri, na sauti za wanaume wazima zikiitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Jua lilihama kutoka kioo cha mbele likaingia la pembeni. Aibu ile haikupungua. Nilidhani itapungua nikikaa, lakini kila nilipomsikia akimrudisha mtu aanze tena, ilikuwa inanirudia usoni upya.

Alitoka alasiri, nywele zimelowa. Alivipakia vifaa mwenyewe, akafunga turubai mwenyewe, akavuta kila fundo kuhakikisha. Mimi sikushuka. Aliingia akakaa pembeni yangu, akafunga mlango.

"Mwalimu amekubali?" niliuliza.

"Amekubali. Tunaanza Jumatatu."

Alificha mikono katikati ya magoti.

"Umeudhika, baba?"

"Ndiyo," nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimeudhika.

Aliitikia kwa kichwa, akatazama mbele. Hakuniomba radhi. Nikawasha gari, tukaondoka.